Fundi Katika Picha: Kumbukumbu ya Ukarabati wa Majengo ya Kale Pwani ya Tanga

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia jumba la Sultani Unguja, na Beit al-Hukm, sehemu ya jumba hilo, ikateketea. Picha zinazorudiwa vitabuni ni za magofu na manowari. Waliozoa kifusi na kupanga mawe upya hawamo. Zaidi ya karne moja baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba jingine la kale la Unguja, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki. Hapo ndipo taifa lilipomkumbuka fundi. Nasema kwa uchungu: fundi asingoje kuangukiwa na jengo ndipo apigwe picha.

Hoja yangu ni kwamba picha ya fundi kazini ni hati ya kitaalamu. Nayo hayaihusu Unguja peke yake: Tanga na Pangani nazo zina nyumba nyingi za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba hizo zikikumbwa na mafuriko, maji yakishapungua, unyevu na chumvi hubaki ukutani. Fundi mzoefu hagusi saruji. Hugonga lipu kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Panapolia uwazi ndipo anapobandua, kisha huacha ukuta ukauke kabla ya kurudishia chokaa, ambayo huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na kichwa cha boriti kilichofichika ukutani huoza bila mtu kujua. Moto una madhara yake: jiwe la matumbawe likipata joto kali hugeuka chokaa, kama lifanyavyo tanuuni, hata likaonekana limesimama ilhali halina nguvu tena.

Maarifa haya hayaonekani katika picha mbili zilizozoeleka, ya kabla na ya baada. Lipu ikishapigwa, ushahidi wote umezibwa. Mpiga picha anapaswa kuwapo ukuta ukiwa wazi, apige hatua kwa hatua: kina cha ufa, mchanganyiko wa chokaa na mchanga, mkono unavyochomeka boriti mpya. Kipimo kiwekwe kando ya kila kinachopigwa.

Wapo watakaosema kamera humdhalilisha kibarua aliyejaa vumbi. Ni kweli, ikiwa anapigwa bila kuulizwa na kuandikwa tu "mafundi wakiwa kazini". Aombwe ridhaa, jina lake liandikwe akipenda, apewe nakala. Mchoraji wa ramani hutajwa kila mara. Sioni sababu ya aliyeunyanyua ukuta kuachwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kale, lakini ujuzi unaoyasimamisha unazeeka pamoja na mafundi wenyewe. Idara ya Mambo ya Kale na halmashauri za Tanga na Pangani ziweke sharti katika kila mkataba wa ukarabati: malipo ya mwisho yasitolewe kabla picha za hatua zote, pamoja na majina ya mafundi walioridhia, hazijakabidhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka.