Bahari Haikopeshi: Mitambo ya Upepo ya Denmark Tangu 1991

Umeme wa upepo wa baharini husifiwa kuwa wa bei nafuu kwa sababu upepo haununuliwi. Denmark, nchi iliyotangulia wengine katika kazi hii, imeonyesha kwamba upepo ni bure lakini bahari hudai, na kwa miaka mingi deni lake limelipwa na umma. Mwaka 1991 mitambo 11 ilisimikwa mbele ya Vindeby, kisiwani Lolland, kwenye maji ya kina cha mita chache tu, juu ya misingi ya zege. Kila mmoja ulikuwa wa kilowati 450, hivyo yote kwa pamoja haikufika megawati 5. Mpaka inang'olewa mwaka 2017 ilikuwa imetoa takriban uniti milioni 243. Mfanyabiashara angezicheka. Lakini Vindeby ulikuwa mradi wa majaribio, na uliofadhili majaribio hayo ni woga: mshtuko wa mafuta wa 1973 uliikuta Denmark ikitegemea mafuta ya kuagizwa kwa takriban asilimia 90 ya nishati yake, na mwaka 1985 bunge likaufunga mlango wa nyuklia.

Somo gumu zaidi lilitoka Horns Rev, Bahari ya Kaskazini, ambako mwaka 2002 ilisimamishwa mitambo 80 ya megawati 2 kila mmoja. Hata miaka miwili haijaisha, transfoma na jenereta zilianza kuharibika, na mwaka 2004 vichwa vyote 80, yale masanduku ya mashine yanayokaa juu ya nguzo, vilishushwa, vikapelekwa nchi kavu kutengenezwa na kurudishwa. Nchi kavu fundi hupanda ngazi tu, na kreni huja kwa barabara. Baharini fundi husubiri mawimbi yatulie ndipo aruke kutoka botini, na kuinua kitu kizito hudai meli yenye miguu ya kusimama chini ya bahari, ambayo kodi yake huhesabiwa kwa siku, kazi ifanyike isifanyike.

Kuna atakayesema hayo yalikuwa makosa ya utoto. Ni kweli kwa sehemu. Hornsea 2 ya Uingereza, iliyokamilika mwaka 2022, ina mitambo 165 ya megawati 8, na mashine kubwa hupunguza safari za mafundi kwa kila uniti. Ila ukubwa haujaifuta hatari. Umeikusanya mahali pamoja, na anayeibeba lazima apatikane. Mwaka 2024 Denmark ilinadi megawati 3,000 katika Bahari ya Kaskazini bila ruzuku, kana kwamba biashara hii sasa imekua na inajitegemea. Hakujitokeza mnunuzi hata mmoja. Mwaka uliofuata serikali ikairudisha ruzuku.