Mshauri wa Serikali na Jembe la Mkulima

Miongoni mwa kazi ambazo babu zetu hawakuzijua imo kazi ya mshauri wa mambo ya tabianchi. Mtu huyu huitwa na serikali ili apime hewa ukaa itokayo katika viwanda, magari na misitu ya nchi, kisha aandike mpango wa kuipunguza pamoja na gharama zake. Baadhi yetu tunaosoma uchumi, kilimo au mazingira huenda tukaifanya kazi hiyo kesho. Basi tutazame ilivyoingia katika nchi yetu.

Mwezi wa Desemba 2007, mataifa yaliyokutana Bali, Indonesia, yalikubali kulijadili wazo jipya: nchi tajiri zizilipe nchi zenye misitu ili miti isikatwe. Wazo hilo likaja kuitwa REDD+. Kongo, yenye sehemu kubwa kuliko zote ya msitu wa bonde lake, ilihitaji hesabu ya kupeleka mezani. Serikali ikaifanya kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya washauri yenye asili ya Marekani, na matokeo yakatolewa Desemba 2009, mataifa yalipokuwa yakikutana Copenhagen.

Chombo kikuu cha washauri hao kilikuwa mchoro wa gharama. Kila njia ya kupunguza hewa ukaa huchorwa kama nguzo: upana wake ni tani zitakazookolewa, na urefu wake ni bei ya kila tani. Nguzo hupangwa kuanzia iliyo fupi, yaani ya bei nafuu, hadi iliyo ndefu. Waziri akiutazama ukurasa mmoja tu, ameona pa kuanzia. Ni chombo chenye manufaa, wala hatukidharau.

Lakini bei ya tani hupatikanaje? Huulizwa hivi: anayeacha kukata mti atapoteza faida kiasi gani? Kampuni ya mbao ina vitabu vya hesabu, na hasara yake huonekana kubwa. Mama anayefyeka msitu ili alime mihogo huuza kidogo. Mavuno yake mengi huliwa nyumbani. Kwa hiyo hasara yake huonekana ndogo, na kumwondoa yeye huonekana rahisi kuliko kuizuia kampuni. Kile ambacho hakikupita sokoni ni kama hakikuwako.

Mwaka 2011 shirika la Greenpeace lilitoa ripoti ya kuukosoa mtindo huo, likitaja Kongo, Guyana na Indonesia miongoni mwa mifano. Lilisema kwamba hesabu ziliacha nje gharama za kuutekeleza mpango wenyewe, na kwamba ziliwatwisha wakulima wadogo lawama kubwa. McKinsey iliitetea kazi yake. Nchini mwetu, mashirika ya raia yaliyojiunga tangu 2009 kufuatilia REDD+ yalidai wenyeji wa msitu wasikilizwe. Mkakati wa taifa wa 2012 uliwekwa juu ya misingi saba, na ndani yake, pamoja na kilimo na nishati, ikaingizwa haki ya ardhi na utawala bora.

Kazi hiyo haijapungua. Tangu Mapatano ya Paris ya 2015, kila nchi hutakiwa kupeleka mpango wake mpya kila miaka 5. Kongo iliahidi kwanza kupunguza hewa ukaa kwa 17% ifikapo 2030. Mwaka 2021 ikaongeza hadi 21%, sehemu kubwa ikitegemea msaada wa nje. Nyuma ya kila asilimia kuna mtu aliyeketi na kukokotoa.

Tujifunze basi kukokotoa, kwa maana asiyejua hesabu husaini hesabu za wengine. Na siku tutakapokabidhiwa kalamu, kabla ya kuichora nguzo fupi, twende shambani tukamwulize mwenye jembe: ukiliacha shamba hili, watoto watakula nini?