Neno "Ungwana" katika Kipindi cha Mbotela

Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela, aliyekuwa amejiunga na Sauti ya Kenya miaka miwili kabla, alianzisha kipindi cha redio kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Kipindi hicho kilidumu kwa zaidi ya nusu karne, na hadi mtangazaji huyo alipofariki Februari 2025, jina lake na swali hilo vilikuwa havitenganishwi. Ni rahisi kukiona kuwa mawaidha ya adabu tu. Hukumu hiyo ni ya haraka.

Kifani, kipindi hiki ni insha fupi ya kusemwa. Mtangazaji huchukua tendo dogo la nyumbani au la hadharani, hulieleza kwa mzaha, kisha humwachia msikilizaji hukumu kwa swali lile lile. Hatajwi mtu. Lakini redio ya miaka hiyo ilisikilizwa na nyumba nzima, hivyo mume, mke, watoto na hata mgeni anayehusika waliweza kuwa wameketi pamoja swali likiulizwa. Wahome Mutahi (1954–2003), katika safu yake ya gazetini iliyoitwa Whispers, alipita njia nyingine: aliichora kaya yenyewe, akajifanya baba wa kuchekwa, na mke akambandika jina la Thatcher. Msomaji wa Mutahi huicheka nyumba ya mwenzake. Msikilizaji wa Mbotela hucheka huku akimtupia jicho aliye kando yake.

Hata hivyo uzito wa swali umo katika neno lenyewe. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19 mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Ungwana ulirithiwa, haukufunzwa. Huko Gazi, kusini mwa Bongwe katika Kwale, kama kwingineko katika pwani ya Kenya, hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1907. Mbotela alizaliwa 1940 Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na ukoo wake ulitokana na watu hao. Ndio ukoo wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Kitabu hicho huwasifu Waingereza kupita kiasi: uhuru humo ni zawadi, na aliyepewa hubaki akishukuru.

Kipindi cha redio hakimshukuru mtu. Mzawa wa waliokombolewa anashika kipaza sauti na kuliuliza taifa zima, wajukuu wa mabwana wakiwemo, kama vitendo vyao sebuleni vinastahili jina ambalo wazee wake walinyimwa. Kweli, neno lilikuwa limekwisha kuchukua maana ya adabu kabla yake, na si haki kumpa sifa ya kuligeuza. Alichofanya ni kulifikisha kila wiki katika nyumba za bara, kwa wasikilizaji ambao hawakuwa na sababu ya kujua lilikuwa likimtenga nani.