Mmoja kaliliwa, mwingine hata hakuulizwa

Wadau, kwenye chumba cha habari kuna swali halikosi kila jioni: hii ni habari au siyo? Leo nawaletea viumbe wawili waliopotea miaka ya 1930. Mmoja akawa habari, mwingine hakupata hata mstari.

Wa kwanza ni tilasini wa kisiwa cha Tasmania, Australia. Umbo la mbwa, milia mgongoni, na mfuko wa kulelea watoto kama kangaruu. Wafugaji walimshtaki kwa kula kondoo wao, na kuanzia 1888 hadi 1909 serikali ya huko ililipa pauni moja kwa kila mkubwa aliyeuawa. Malipo 2,184 yakatolewa. Julai 10, 1936 akapewa ulinzi wa kisheria. Siku 59 baadaye, Septemba 7, wa mwisho aliyejulikana akafia kwenye bustani ya wanyama ya Hobart.

Wa pili ni konokono wa bahari, Lottia alveus, mdogo tu, aliyeishi pwani ya Atlantiki kuanzia Labrador, Kanada, hadi New York. Huyu hakuwindwa na mtu. Kosa lake ni kuishi na kula juu ya aina moja tu ya nyasi za bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa ukazifyeka nyasi hizo. Zilizopona ni zile za kwenye maji yenye chumvi kidogo, na konokono wetu maji hayo hakuyaweza. Baadaye nyasi zikarudi, yeye hakurudi. Wanasayansi walikuja kutangaza kutoweka kwake mwaka 1991.

Hebu pima. Kifo cha tilasini kina mtuhumiwa, kina tarehe, kina hata filamu iliyopigwa 1933. Tangu 1996 Australia inaikumbuka Septemba 7 kama siku ya viumbe walio hatarini. Cha konokono hakina bunduki wala maiti. Alipoteza nyumba, basi. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla mtu hajauliza kaenda wapi.

Mwenzenu nimesoma haya nikajihukumu. Sisi wa magazetini tunawahi palipo na damu. Anayekufa kwa kukosa pa kuishi tunampita kila siku, maana hana picha ya ukurasa wa mbele.

Nyie mnasemaje?