Gunia halina jina

Kila kampeni zikija, lazima mtu asimame jukwaani atuambie ugali unatuua kwa sababu mahindi yanatoka nje, na dawa ni kufunga mpaka. Watu hupiga makofi. Ngoja niwakumbushe historia kidogo, halafu mpige mkitaka.

Mwaka 1981 kule Machakos, watu 20 walilazwa ini likiwa limeharibika baada ya kula mahindi yenye kuvu. 12 wakafa. Ilikuwa aflatoksini, sumu ambayo huioni, na hata ukipika haiishi. 2004 ikarudi, Makueni na Kitui zikiumia zaidi: wagonjwa 317, waliokufa 125.

Sasa sikizeni. Mahindi mengi ya 2004 yalivunwa huko huko na kuwekwa nyumbani yakiwa na unyevu, mengine yakaingia sokoni. Watafiti walipima bidhaa za mahindi katika masoko 65, na zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Ukipata sumu kwenye gunia la soko, utamrudia nani?

Novemba 2019 KEBS ilisimamisha aina 5 za unga, viwanda vikaambiwa virudishe pakiti kutoka madukani. Hilo liliwezekana kwa sababu pakiti ina jina. Lakini lebo inaishia kwa geti la kiwanda. Nyuma ya geti kuna dalali aliyekusanya kwa wakulima wengi akachanganya.

Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yakapigwa marufuku. Siku chache tu, yakaruhusiwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, aonyeshe cheti cha yalikotoka, aseme ghala liko wapi, na vipimo visizidi 10 kwa bilioni. Kwangu masharti hayo yalikuwa na maana kuliko marufuku yenyewe. Ajabu, ya kwetu hatuyaulizi hivyo.

Hapa Nyanchwa tunashuka Daraja Mbili, tunapimiwa kwa gorogoro, tunapeleka kwa mashine ya kusaga. Lebo hakuna. Na simtaki mtu amfukuze mama wa soko kwa sababu hiyo. Ndiye anatulisha, na pesa za maabara hana. Mwenye lori ndiye aandike kwenye gunia: limetoka wapi, limevunwa lini, nani alikausha.

Akija wa kufunga mpaka, muulizeni kuhusu lori lililoshusha asubuhi, na halikuvuka mpaka wowote.