Dawa ya Maji na Ugonjwa wa Tezi ya Shingo

Leo turudi nyuma hadi mji wa Bath, Uingereza, mwezi wa Agosti 1786. Daktari Caleb Parry alimtibu mama wa miaka 37. Miezi mitatu hivi baada ya kujifungua, akiwa bado ananyonyesha, mama huyo alikuwa ameona kivimbe shingoni. Kikakua kikawa rovu kubwa. Macho yakatokeza, na moyo ukapiga mara 156 kwa dakika, hata kifua kizima kikatikisika. Mwishowe miguu na mapaja yakavimba maji, na mkojo ukawa haba.

Siku hizi tunajua chanzo: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Tezi hiyo huukimbiza moyo usiku na mchana. Moyo ukichoka, maji hujikusanya miguuni na mapafuni.

Madaktari wa zamani walipambana na maji hayo. Mwaka wa 1785 William Withering wa Birmingham aliandika kitabu juu ya mmea wa digitalisi, alioutumia kwa watu waliovimba. Kisha mwaka wa 1919, mjini Vienna, mwanafunzi wa udaktari Alfred Vogl aliona msichana mwenye kaswende akikojoa mno kila alipodungwa sindano ya zebaki. Basi zebaki ikawa dawa ya maji kwa miaka mingi, ingawa ni sumu kwa figo! Tembe zilizo salama zaidi zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 ikaja furosemidi, ile wengi wetu huiita Lasix.

Lakini angalia, mama: hakuna hata moja iliyogusa tezi. Maji yalitoka, moyo ukaendelea kukimbia, maji yakarudi. Kwa tezi yenyewe kulikuwa na kisu cha upasuaji, mpaka mwaka wa 1943 Edwin Astwood wa Boston, Marekani, alipotangaza dawa za kumeza za kuituliza. Kabimazo inayotumika leo ni ya ukoo huo.

Nakueleza haya kwa sababu mtu akivimba miguu, jirani huwa mwepesi wa kumgawia Lasix zake. Mwenye ugonjwa mkali wa tezi tayari hupoteza maji kwa jasho na kuharisha. Lasix bila kupimwa humkausha zaidi, tena humwondolea potasiamu. Potasiamu ikipungua sana, misuli hulegea na moyo hupiga ovyo. Daktari huitoa pale moyo umeshindwa na maji yamejaa, pamoja na dawa ya tezi, huku akipima damu. Kama ni yeye aliyekuandikia, usiiache bila kumwuliza.

Ukiona mtu anakonda ilhali anakula vizuri, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio na miguu inavimba, mpeleke hospitali akapimwe damu ya tezi. Akipata homa kali na kuchanganyikiwa, au akishindwa kupumua akilala, usingoje kupambazuke.