Moto wa jikoni: kuni, koroboi na sola Ngara na Biharamulo

Mkulima anayeishi mbali na nguzo za umeme akija kuniuliza ushauri, karibu kila mara anauliza taa. Sola ya ukubwa gani, betri itadumu miaka mingapi, fundi gani mwaminifu. Ni maswali mazuri. Lakini ukifuatilia historia ya wilaya zetu hizi mbili utaona kwamba taa ilikuwa sehemu rahisi. Kinachomaliza nguvu za familia, hasa za mama na watoto, ni moto wa kupikia.

Wazee wa Nyantakara na vijiji vya jirani walikulia kwenye mafiga matatu. Kuni ziliokotwa nyuma ya nyumba. Agizo la 1973 kwamba ifikapo 1976 kila mtu awe anaishi kijijini lilibadili hesabu hiyo kidogo, maana nyumba zikisogeleana, matawi makavu ya karibu ndiyo yanayoisha kwanza. Bado pori lilikuwa kubwa na watu wachache.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Waliwekwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kambi nyingine zikafuata, Lumasi ikiwa mojawapo. Kufikia 1996 mkoa wa Kagera ulikuwa na wakimbizi wapatao 600,000 wa Rwanda na Burundi. Kwa takwimu za UNHCR, zaidi ya tani 1,200 za kuni zilichomwa kila siku. Kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya.

Watu huzitaja namba hizo kwa kulaumu, kana kwamba wakimbizi walikuwa na ulafi wa kuni. Hebu tugawanye. Tani 1,200 kwa watu 600,000 ni kilo 2 kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu sita ni kilo 12. Pima kuni za nyumbani kwako kwa wiki moja, kwa mizani ya kupimia kahawa au maharage, uone kama uko mbali sana na hapo. Walipika kama tunavyopika sisi, tofauti ni kwamba walikuwa wengi mahali pamoja. Tena chakula cha mgao kilikuwa mahindi na maharage. Mahindi ya punje yasiposagwa hukaa jikoni nusu siku, na maharage makavu mnayajua wenyewe.

Wenyeji hawakubaki watazamaji. Ndizi za Ngara zilibadilishwa kwa mahindi, maharage na mafuta ya mgao, maturubai yakafika vijijini, na vibarua wakapatikana kwa bei ndogo. Wafanyabiashara wengine walipata mtaji wakati ule. Wengine waliibiwa mazao shambani, na waliokuwa jirani na kambi wakajikuta wanatembea mbali kutafuta kuni ambazo zamani walizikuta mlangoni.

Mashirika yaliyopewa kazi ya mazingira yalijaribu mambo mengi. Miti mingine ilipigwa alama ya rangi isikatwe. Kuni zilisombwa kwa malori kutoka mbali. Watu wakafundishwa kufinyanga majiko ya udongo, kupasua kuni na kuzikausha, kufunika sufuria, kuloweka maharage. Kwa maoni yangu, hicho cha mwisho ndicho urithi mkubwa wa kambi zile, kuliko hata jiko lenyewe. Jiko la udongo bila mpishi mwangalifu linakula kuni kama mafiga. Ukiletewa kuni za bure mlangoni huoni sababu ya kubana matumizi, lakini aliyezitafuta kwa miguu yake hutunza hata vijiti.

Sababu zake ni za kawaida. Kuni mbichi kwanza hutumia moto wake kukausha maji yaliyomo ndani, ndipo sufuria ipate joto. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yameshakunywa maji, hivyo hukaa jikoni muda mfupi. Chungu kikishachemka, moto mkubwa hauivishi haraka zaidi, unapoteza maji tu. Punguza kuni na ufunike. Jiko banifu la udongo linaukusanya moto chini ya sufuria badala ya kuuacha uende na upepo. Gharama yake ni udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa na siku moja ya kazi.

Tuseme nyumba ile ya kilo 12 inaokoa theluthi. Ni kilo 4 kwa siku, karibu tani moja na nusu kwa mwaka. Kwa mzigo wa kichwani wa kilo 20, ni safari zaidi ya 70 za porini ambazo mama hakwenda.

Taa nayo ina historia fupi. Mwaka 2011, ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400 na senti kadhaa kwa lita. Aliyeumia kijijini ni mwenye koroboi. Lakini tochi za betri na taa ndogo za sola zilikuwa zinaingia madukani, na leo nyumba nyingi zina walau taa moja na mahali pa kuchajia simu. Sasa maporomoko ya Rusumo, palepale walipovukia wale watu wa 1994, yanatoa megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia kubwa ya umeme inakwenda hadi Nyakanazi. Wapo wanaolima jirani na nyaya hizo huku wakipika kwa kuni. Hata jirani aliyevutiwa umeme, ukiingia jikoni kwake utakuta moshi.

Serikali ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mtungi mdogo wa gesi ukiumudu, utumie kwa chai na uji, vinavyoiva haraka, na maharage uyaache kwenye jiko banifu. Wenye maduka, kabla ya kuleta mitungi mingi hakikisheni mna mahali pa karibu pa kuijaza, maana mteja akikosa gesi mara mbili anarudi porini.

Na kama una kipande cha ardhi kisichofaa kwa migomba wala maharage, kiandae sasa upande miti ya kuni mvua zikianza. Migrevilea inavumilia kukaa mpakani mwa shamba. Mikaratusi inakua haraka na huchipua tena ikikatwa, lakini iweke mbali na chemchemi na mbali na migomba.